R² ya 1 Si Cheti cha Ukweli

"Mwalimu, nimepata R² ya 1 kamili. Nichukue hiyo?"

Swali hili halikauki. Linaulizwa na wanafunzi wa kidato cha sita, linaulizwa na wa mwaka wa kwanza chuoni, na siku hizi linaulizwa hata na maofisa mipango wanaotakiwa kukadiria madawati ya miaka kumi ijayo. Jibu ni hapana. Usiichukue. Na kwa kuwa kumjibu mmoja mmoja kumenichosha, leo nawajibu wote kwa pamoja, tena kwa data ambayo hakuna Mtanzania wa kusema haimhusu: sensa.

Tangu Muungano tumehesabiwa mara sita. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, na 2022 milioni 61.7. Muulizaji wangu huzipanga namba hizi kwenye Excel, huchora grafu, kisha huanza kubofya mistari ya mwelekeo mmoja baada ya mwingine. Akifika kwenye polinomia ya daraja la tano, mchirizi unapita juu ya nukta zote sita na R², namba inayopima jinsi mchirizi unavyolingana na nukta, inasoma 1. Hapo hukimbilia kuniandikia.

Sasa tuulizane: ingesoma nini kingine? Polinomia ya daraja la tano ina vizigeu sita, yaani namba sita unazoruhusiwa kuzichagua upendavyo. Sensa nazo ni sita. Milinganyo sita, visivyojulikana sita; jibu lazima lipatikane, data iwe ya kweli au ya kubuni. Huamini? Chukua tarakimu sita za mwisho za namba yako ya simu, ziweke mahali pa idadi ya watu, bofya tena. R² itakuwa 1 vilevile. Hiyo R² haijakwambia lolote kuhusu Watanzania. Imethibitisha tu kwamba sita ni sawa na sita.

Kama bado una mapenzi na polinomia yako, iulize mambo mawili. Kwanza irudishe nyuma hadi 1948, mwaka ambao sensa ya serikali ya kikoloni ilihesabu zaidi ya watu milioni 7 Tanganyika peke yake. Polinomia inajibu: hasi milioni 30 hivi. Watu hasi, jamani! Halafu ipeleke mbele hadi 2050. Inajibu takriban milioni 300, karibu mara tano ya tulivyokuwa 2022 ndani ya miaka 28. Ofisa atakayepanga madawati kwa namba hiyo atamaliza misitu.

Wapo wanaojiona waangalifu zaidi. Hawa huchagua mstari mnyoofu, wanapata R² ya 0.95, na kwao 0.95 ni alama ya A. Mstari huo ukiurudisha nyuma unagusa sifuri mwaka 1957, na kabla ya hapo unashuka chini ya sifuri. TANU ilianzishwa Julai 1954. Kwa hesabu ya mstari huu, Nyerere na wenzake walianzisha chama katika nchi isiyo na watu, wao wenyewe wakiwemo.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi, na halihitaji programu ya bei. Ifiche sensa ya 2022. Tengeneza modeli kwa sensa tano za mwanzo tu, kisha ikadirie ile uliyoificha. Mstari mnyoofu unasema tungekuwa milioni 50. Polinomia ya daraja la nne, ambayo kwa nukta tano nayo ina R² ya 1, inasema milioni 56. Fanksheni ya kipeo, ile ya ukuaji wa asilimia kwa mwaka, inasema milioni 60.6. Tulihesabiwa milioni 61.7. Mwenye R² kamili amekosea kwa watu karibu milioni 6; fanksheni ya kipeo, isiyo na R² kamili, imekosea kwa milioni moja na kidogo. R² hupima jinsi modeli inavyokubaliana na data uliyoipa. Modeli yenye R² kamili ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana: mpe mtihani uleule, atapata mia, badilisha swali moja, kwisha habari.

Swali sahihi basi si "R² ni ngapi?" Swali ni: nini hapa hakibadiliki? Piga hesabu kwa mkono. Kati ya sensa na sensa tuliongezeka kwa wastani wa watu milioni 0.47 kwa mwaka, kisha 0.56, 0.81, 1.05, na mwisho 1.68. Nyongeza inapanda kila kipindi, kwa hiyo mstari mnyoofu umeshakufa. Sasa tafuta asilimia: 3.2, 2.8, 2.9, 2.7, 3.2. Inayumba, lakini haitoki kwenye uzio wake. Hiyo ndiyo alama ya fanksheni ya kipeo, na sababu yake iko wazi: watoto huzaliwa na watu waliopo, hivyo wengi huongeza wengi. Kwa kasi ya karibu asilimia 3, idadi hujirudufu kila miaka 24 hivi. Angalia mwenyewe: 17.5 ya mwaka 1978 na 34.4 ya 2002, 23.1 ya 1988 na 44.9 ya 2012.

Mengine kwa haraka, maana nafasi inaisha. Tofauti hazibadiliki? Mstari mnyoofu. Uwiano haubadiliki? Kipeo. Chai inayopoa? Kipeo pia, ila toa kwanza joto la chumba. Jiwe lililorushwa? Fanksheni ya daraja la pili, kwa sababu mvutano wa dunia ndio unaoidai, si kwa sababu imependeza kwenye grafu. Kitu kinachopanda kasi kisha kikagota kwenye dari, kama laini za simu kijijini? Lojistiki, yenye umbo la S. Maji kupwa na kujaa? Saini, yenye mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi. Na usishangae saini moja isipotosha, kwani bamvua na maji mafu vinahitaji ya pili. Ukichora logi za pande zote mbili na nukta zikanyooka, hiyo ni fanksheni ya nguvu.

Kwenye Excel tumia grafu ya nukta, si ile ya mistari, ambayo huhesabu sensa kama 1, 2, 3 na kusahau kwamba kati ya 1988 na 2002 ilipita miaka 14. Hesabu miaka kuanzia 1967 kama sifuri, la sivyo vizigeu vinavyoonyeshwa kwa kukatwa desimali vitakupa upuuzi. Chora masalia, yaani data toa modeli. Yakianza juu, yakazama katikati, yakapanda tena mwishoni, umechagua fanksheni isiyofaa, hata R² iwe 0.95.

Na fanksheni ya kipeo usiiabudu nayo. Iendeshe hadi 2122 kwa kasi hii, itakwambia tutakuwa zaidi ya bilioni moja. Kwa hiyo unaponiletea modeli, niletee na makosa yake kwenye data uliyoificha, na unitajie mwaka ambao wewe mwenyewe hutaiamini tena. R² baki nayo.