Inavutwa au Inasukumwa? Kipepeo cha Hewa katika Kiswahili cha Gereji za Kolwezi

Makala haya yanaeleza jinsi vipepeo vya hewa vya pikipiki vinavyofungwa kwenye injini ya gari lenye turbo. Msomaji wa kitivo cha lugha ana haki ya kuuliza jambo hilo linatuhusu nini. Hapa Kolwezi fundi hufundishwa kwa Kifaransa shuleni, lakini gereji inafanya kazi kwa Kiswahili. Kijana ambaye hakumaliza shule hujifunza kila kitu kwa Kiswahili hicho. Sisi tunaojishughulisha na istilahi tumezoea kumpa nomino: jina la kifaa hiki, jina la kifaa kile. Hoja yangu ni kwamba katika kazi hii nomino peke yake inaweza kumpoteza, na kwamba maelezo anayoyahitaji yamo katika vitenzi viwili anavyovijua tangu utotoni: kuvuta na kusukuma.

Nianze na jina. Kifaa chenyewe ni mrija mfupi wenye kisahani ndani yake. Kisahani huzunguka kwenye mhimili na kufungua au kuziba njia ya hewa dereva anapokanyaga au kuachia pedali. Kifaransa hukiita kisahani hicho "papillon", yaani kipepeo. Kiingereza husema "throttle", neno lenye uhusiano na koo na kukabwa. Nilipokuwa nakusanya msamiati katika gereji za Manika na Dilala, vijana kadhaa walikiita kifaa kizima "kalbirateri". Kifonolojia neno hilo halina ajabu. Kiswahili hakina zile irabu za Kifaransa zinazotamkwa kwa kuviringa midomo mbele, kwa hiyo "chauffeur" imekuwa shofere na "moteur" imekuwa motere. Wenzetu wa Tanzania na Kenya walipitia Kiingereza wakapata dereva na kabureta.

Tatizo liko katika maana. Kabureta hufanya kazi mbili: hupitisha hewa na huichanganya na mafuta. Kipepeo hufanya kazi moja tu, kupitisha hewa. Mafuta hunyunyizwa na nozeli, na kipimo chake huamuliwa na kompyuta ya injini. Kijana anayekiita kipepeo kalbirateri hutafuta hitilafu ya mafuta mahali pasipo na mafuta. Huzungusha skrubu iliyowekwa kiwandani, injini ikaharibika zaidi, na gharama ikakatwa kwenye ujira wake mdogo. Kwa sababu hiyo nitatumia "kipepeo" kwa kisahani na "nyumba ya kipepeo" kwa mrija unaokibeba.

Kwa nini mtu atake vipepeo vya pikipiki kwenye gari? Gari la kawaida la petroli lina kipepeo kimoja. Hewa ikikipita huingia kwenye chumba, kisha hugawanywa kwa silinda zote. Pikipiki ya mashindano yenye silinda nne, kama Suzuki GSX-R, ina kipepeo kwa kila silinda, tena karibu kabisa na vali. Kati ya kipepeo na silinda hubaki hewa kidogo, kwa hiyo injini huitikia upesi mkono wa dereva. Nyumba hizo hupatikana zikiwa zimetumika, zimeunganishwa nne kwa pamoja, na nozeli zake zikiwa mahali pake. Ndiyo maana wapenzi wa magari ya kasi huzitafuta.

Kuunganisha vipepeo vingi na turbo si ndoto ya vijana. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989 ilitoka kiwandani na silinda sita, vipepeo sita na turbo mbili. Mwaka uliofuata ilitoka Nissan Pulsar GTI-R, yenye injini ya lita 2, vipepeo vinne na turbo moja. Mwaka 1991 gari hilo liliingia katika Safari Rally nchini Kenya, na Stig Blomqvist alimaliza wa 5. Lakini Nissan ilisanifu vipepeo vyake kwa ajili ya turbo. Vile vya pikipiki vilisanifiwa kwa kazi nyingine, na hapo ndipo vitenzi vyetu vinapohitajika.

Katika injini isiyo na turbo pistoni hushuka na kuacha nafasi, na hewa hufuata. Fundi wa Kolwezi husema, "Motere iko inavuta." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na kiufundi: mtenda ni motere, mtendwa ni hewa. Kipepeo kikikaribia kuziba, mgandamizo upande wa silinda huwa mdogo kuliko wa nje. Na wa nje wenyewe si mkubwa hapa kwetu. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa.

Turbo hubadilisha mtenda. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu moja, nalo huzungusha la pili linalobana hewa na kuipeleka kwenye silinda. Sasa hewa inasukumwa. Mafundi wetu wanaijua turbo kutokana na malori ya mazutu yanayobeba shaba na kobalti. Lakini katika injini nyingi za mazutu za zamani pedali huongeza mafuta, wala hakuna kipepeo cha kuibana hewa. Kipepeo wanakijua kutokana na injini za petroli. Kazi tunayoieleza inakutanisha vitu viwili ambavyo fundi amevijua mbalimbali.

Matatizo makuu ya kazi hii yanatokana na badiliko hilo la kitenzi. La kwanza ni sanduku la hewa. Sanduku la plastiki la pikipiki lilitengenezwa kwa hewa inayovutwa, na hewa inayosukumwa inaweza kulipasua. Hutengenezwa jingine la alumini, lililofungwa pande zote, na mipira ya viungo hukazwa kwa vibano imara. La pili ni mhimili wa kipepeo. Mahali ambapo zamani hewa kidogo ingevutwa kuingia, sasa husukumwa kutoka, kwa hiyo vizibo vyake hukaguliwa au hubadilishwa.

La tatu ndilo la hatari zaidi kwa injini. Nozeli hunyunyiza mafuta ndani ya njia ya hewa. Mgandamizo wa hewa ukipanda na wa mafuta ukabaki palepale, mafuta hutoka pungufu wakati ule injini inapoyahitaji zaidi. Joto hupanda na pistoni huweza kutoboka. Kwa hiyo kirekebishi cha mafuta huunganishwa kwa mpira mwembamba na upande wa silinda, ili mgandamizo wa mafuta upande pamoja na wa hewa.

La nne ni kompyuta. Kwenye injini yenye vipepeo vingi bila turbo, mara nyingi kompyuta hukadiria hewa kwa pembe ya kipepeo na kasi ya injini. Penye turbo pembe ileile huweza kupitisha hewa kidogo au nyingi, kutegemea inavyosukumwa. Lazima mgandamizo nao upimwe. Kwa kuwa mvuto wa silinda moja hurukaruka, mirija minne huunganishwa kwenye kichumba kidogo, na kipimo huchukuliwa humo. Kisaidizi cha breki nacho huhitaji mvuto. Huupata kwenye kichumba hicho kupitia vali ya njia moja, isiyoruhusu hewa inayosukumwa kurudi. Ikisahauliwa, pedali ya breki huwa ngumu, na hapo si injini tu iliyo hatarini.

Mwisho, nafasi kati ya mirija ya pikipiki mara nyingi hailingani na ile ya gari, kwa hiyo huchongwa kiunganishi. Vipepeo vyote vinne husawazishwa kwa kipimo cha mvuto ili vifunguke sawasawa. Upande wa turbo huwekwa vali ya kuachia hewa, kwani dereva akiachia pedali ghafla, hewa iliyokwisha kusukumwa hukuta njia imezibwa.

Nimeandika "upande wa turbo" na "upande wa silinda" kwa makusudi. Mafundi husema "mbele ya kipepeo" na "nyuma ya kipepeo", lakini mmoja hufuata mwendo wa hewa na mwingine hufuata mahali aliposimama. Kifaa hakina uso, kwa hiyo mbele yake haijulikani. Kwa maneno hayo mpira mmoja unaweza kufungwa upande usio wake.

Pendekezo langu kwa wenzangu ni dogo. Tunapotunga kamusi ya gereji tusiishie kwenye jina. Kila kidahizo kipewe sentensi yenye kitenzi, mtenda na mtendwa, ili kijana aweze kujiuliza mbele ya kila mpira: hapa hewa inavutwa au inasukumwa? Naweka hapa kidahizo kimoja kijadiliwe:

Kipepeo: kisahani kinachozunguka kwenye mhimili ndani ya mrija wa hewa. Hupunguza au huongeza hewa inayovutwa na injini au kusukumwa na turbo kwenda kwenye silinda. Hakichanganyi mafuta.