Kijana wangu alipata 20 kwa 20, kesho yake akatapeliwa

Wale tunaoweka kijana mmoja au wawili dukani, hii ya leo yetu.

Mie nina duka la vyakula hapa Chake Chake. Biashara sikusomea, niliishia kidato cha nne. Nilimuweka mtoto wa ami yangu akae dukani ninapokwenda Mkoani bandarini kupokea mzigo. Siku moja narudi, mfuko wa mchele wa kilo 25 haupo na pesa haipo. Mteja kamuonesha meseji ya malipo kwenye simu yake, kijana kaamini. Meseji ya kutengeneza.

Nikasema simfukuzi, namfundisha. Nikafungua Google Forms kwenye Chrome ya simu, bure kabisa, nikamtungia maswali 20. "Utatoa bidhaa kabla ya kuhakikisha pesa imeingia? Ndiyo au hapana?" Akapata 20 kwa 20, nikafurahi. Kesho yake kaja mtu, bodaboda inanguruma nje, "kijana fanya haraka, meli inaniacha." Sukari kilo 10 ikaenda vilevile.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa ni langu. Jibu alikuwa analijua tangu mwanzo. Alichokosa ni mazoezi ya kusimama mbele ya mtu mzima mwenye haraka. Hata bao hufundishwi kwa maswali, unakaa barazani unafungwa mpaka macho yanafunguka.

Nikaanza upya kwa visa. Fomu unaigawa kurasa, kisha kwenye swali la kuchagua jibu moja unabonyeza vidoti vitatu, unaiambia kila jibu limpeleke mtu ukurasa wake. Kwa hiyo akichagua kutoa mzigo, hasomi "umekosea". Anasoma: "Mteja kaondoka. Jioni unaangalia salio, ni lile lile la asubuhi. Droo ilikuwa na 50,000, mzigo ulioondoka ni wa 28,000. Mpigie kaka." Fomu haijui kutoa na kujumlisha njiani, hesabu niliandika mwenyewe mwisho wa kila njia. Kazi ya usiku mbili. Anza na kisa kimoja tu, usijitese.

Jambo kubwa: jibu baya lazima livutie. Liandike kwa maneno yale yale ya mteja, pamoja na ile haraka yake. Ukiliandika la kijinga, hakuna atakayelichagua, na hutajua nani anahitaji msaada.

Kuhusu pointi, nilikosea tena. Niliwapanga kwenye grupu letu la WhatsApp nani wa kwanza nani wa mwisho. Dada anayenisaidia Ijumaa, aliyekuwa wa mwisho, akaacha kufungua fomu kabisa. Nikaufuta ule mpangilio. Sasa kila mtu anashindana na droo yake mwenyewe.

Kuna wenzetu waliofanya kwa ukubwa. Arifu wa Kenya wamewahi kufundisha wakulima na wafanyabiashara wadogo kwa kuchati kwenye simu, hata kwa meseji za kawaida. Lakini kisa cha duka lako hakuna atakayekutungia isipokuwa wewe.

Kwa mfano kisa hiki, ambacho mtu wa mbali hawezi kukijua. Mzee wa mtaani, anayeheshimika, anakuja: "Mwanangu, niandikie unga na mafuta, nikipeleka karafuu ZSTC nakulipa." Na karafuu bado ziko mtini. Niliweka majibu matatu. Kijana akasoma, akakaa kimya, akaniuliza, "Kaka, na wewe ungemjibu nini?"

Nikataka kujibu haraka. Kisha nikafungua daftari la madeni. Karibu yote mwandiko wangu. Mchele na sukari vya yule kijana, ukivijumlisha, havifiki hata nusu ya nilivyowakopesha mie kwa kuona haya. Kile kisa sasa tunakifanya wote wawili, na tumekubaliana maneno ya kumwambia mzee bila kumvunjia heshima: "Babu, leo nakupa unga nusu, mafuta tuyasubirishe mpaka ulipe ule wa mwanzo."

Tangu hapo meseji ya kutengeneza imekuja mara moja. Kijana alimwambia mteja akae kwenye benchi asubiri, akaangalia salio kwenye simu yetu wenyewe. Mteja kaondoka bila kuaga.

Wiki iliyopita kijana kaniletea kisa alichotunga mwenyewe: "Bosi kaja na rafiki zake, kachukua soda nne, hakuandika popote. Utafanya nini?" Majibu ya kuchagua bado hatujayaweka.