Vikompyuta 40, Jina Moja

Sogeeni, wanangu. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo kuna fundi aliyekabidhiwa vikompyuta 40 akaambiwa kesho viwe vinafanya kazi, vyote, na mfumo endeshi wa Linux ndani.

Vikompyuta vyenyewe ni Raspberry Pi, kizazi cha Cambridge, Uingereza. Cha kwanza kiliingia sokoni Februari 2012 kwa dola 35. Ni kibao cha milimita 85 kwa 56, na mfumo wake wote hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu kama ile mnayotia kwenye simu. Linux ni ya bure na ruhusa ya kuinakili imo, kwa hiyo fundi wetu hambembelezi mtu.

Anaanza na njia ya mkato. Anaitengeneza kadi moja mpaka inyooke, kisha anainakili kwenye nyingine zote. Hebu pigeni hesabu: kadi ya gigabaiti 8, ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde, inakula karibu dakika 7. Zidisha mara 40, fundi ameketi zaidi ya saa 4 akichomoa na kuchomeka. Si mbaya. Anaviwasha vyote, taa zinamemeteka, moyo unatulia.

Hapo ndipo balaa linaanza. Kila kimoja kinaitwa raspberrypi. Fundi akiita jina hilo mtandaoni, hajui kipi kitaitika. Tena kuna baya kuliko hilo: ufunguo wa siri ambao mashine huutumia kumthibitishia fundi wa mbali kwamba ni yenyewe, nao umenakiliwa. Mtu akikiiba kimoja, ana uwezo wa kujifanya chochote kati ya 39 vilivyobaki. Kunakili ni rahisi, wanangu. Kazi ni kuamua kipi kifanane na kipi kisifanane.

Basi fundi anarudi kwenye ile kadi ya kwanza. Anafuta funguo, anafuta jina, na mahali pake anaacha programu fupi itakayofanya kazi mara moja tu, siku kifaa kinapowaka mara ya kwanza. Itaunda funguo mpya, itakipa kifaa jina, kisha itajiondoa. Jina italitoa wapi? Kila kifaa hutoka kiwandani na anwani yake ya mtandao, jozi 6 za tarakimu na herufi. Kwa Raspberry Pi za mwanzo, jozi 3 za kwanza ni B8:27:EB, alama ya mtengenezaji. Jozi 3 za mwisho ni za kifaa hicho peke yake. Jina hilo hapo, hakuna aliyelibuni.

Kadi nazo unaweza kuziacha kabisa. Kuanzia Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016, kifaa kinaweza kuwaka kupitia waya wa mtandao. Kinapiga kelele kwamba kipo, seva inakipa anwani nyingine ya kutumia, nacho kinaanza kuomba mafaili. Nami napenda sana jambo moja hapa: kwanza kinatafuta folda yenye namba yake chenyewe ya usajili, na kisipoiona ndipo kinachukua mafaili ya wote.

Sasa vimewaka, lakini havijafundishwa kazi. Hapa fundi anatumia Ansible, programu iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012. Neno hilo lilibuniwa na Ursula K. Le Guin katika riwaya yake, likiwa jina la chombo cha kuzungumza papo hapo kati ya nyota na nyota. Fundi haandiki amri, anaandika hali anayoitaka. Ukimwambia mpishi "ongeza kijiko cha chumvi" mara tatu, mchuzi haulambiki. Ukimwambia "hakikisha mchuzi una kijiko kimoja cha chumvi", rudia hata mara mia. Ansible inakagua kila kifaa, ikikuta mambo yako sawa inapita, ikikuta pengo inaziba.

Kuna kitu kingine ambacho hakifai kufanana kamwe, nacho ni nenosiri. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka mtandaoni ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na ruta, na maelfu kwa maelfu zikafunguka, kwa sababu wenyewe hawakuyabadilisha maneno hayo. Raspberry Pi nayo ilikuwa na mtumiaji wa kiwandani, pi, na nenosiri raspberry. Watengenezaji wa mfumo wake wakazima njia ya kuingia kutoka mbali mwaka huo huo, mpaka mwenyewe aiwashe. Mtumiaji pi akaondolewa Aprili 2022. Mimi naona walichelewa.

Siku ikifika ya kubadilisha mfumo, na umeme ukakatika katikati, je? Kwa kifaa kilicho juu ya mnara, hakuna anayetaka kupanda. Mafundi hugawa hifadhi sehemu mbili. Mfumo wa zamani unaendelea kufanya kazi kwenye sehemu ya kwanza, mpya unaandikwa kwenye ya pili. Kifaa kinajaribu kuwaka na mpya. Kikishindwa, kinarudi chenyewe kwenye wa zamani. Na hata hivyo fundi mwerevu havigusi vyote 40 kwa pamoja. Anaanza na kimoja kilicho karibu na kiti chake.