"Mimi ni…" mara ishirini

Kabla hujaendelea kusoma, tafuta kalamu na karatasi. Andika namba kuanzia 1 hadi 20, kisha mbele ya kila namba umalizie maneno "Mimi ni…". Jipe dakika 12. Usipange majibu kwa uzito wala usihangaike na mantiki. Andika linalokuja, kama unayejijibu mwenyewe na si mtu mwingine. Likija "Mimi ni mama wa watoto watatu", andika. Likija "Mimi ni mwoga wa giza", andika vilevile.

Zoezi hili lilitungwa na wanasosholojia wawili wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, Manford Kuhn na Thomas McPartland. Waliwapa wanafunzi 288, na mwaka 1954 wakachapisha waliyoyaona. Ukiwa umelifanya sasa hivi, huenda umepata mwenendo uleule waliouona wao: mistari ya kwanza inakuja bila jasho. Mimi ni mwanamke, mimi ni mwalimu, mimi ni Mwislamu, mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Hayo ni majibu ambayo hata jirani angeweza kukujazia. Halafu, mahali fulani katikati ya ukurasa, yanakauka. Kalamu inasimama. Baada ya hapo yanaanza kuja mengine: mimi ni mtu wa kukasirika upesi, mimi ni mpenda upweke, mimi ni mwenye deni nisilolisema. Kuhn na McPartland walitambua kwamba kwa kawaida watu humaliza kwanza yale yanayojulikana na wote, ndipo waingie katika yale yanayohitaji maelezo, na kwamba mahali pa kugeukia hapafanani. Kuna anayegeuka kwenye mstari wa tatu, na kuna anayefika wa 20 bila kugeuka.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kama majibu yako ni mazuri. Angalia umegeuka wapi.

Watafiti waliofuata waliyagawa majibu katika mafungu. Kuna ya mwili na anuani (mimi ni mrefu, naishi Tanga), ya nafasi katika jamii (mke, seremala, mwanakwaya), ya tabia na hisia (mkarimu, mwenye wivu), na yale mapana mno ambayo hayamtofautishi mtu na mwingine (mimi ni kiumbe). Louis Zurcher, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha kwamba wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijieleza kwa nafasi zao katika jamii miaka ya 1950 walikuwa wamehamia kwenye tabia na hisia. Swali halikubadilika hata neno moja. Nchi iliyokuwa ikilijibu ndiyo iliyobadilika.

Utafiti unaonigusa zaidi ulifanyika Kenya. Vaunne Ma na Thomas Schoeneman waliuchapisha mwaka 1997, wakilinganisha jinsi Wamarekani na Wakenya wanavyojieleza kwa swali hilihili. Kwa wanafunzi wa chuo wa Marekani, majibu yaliyohusu nafasi na uanachama katika jamii yalikuwa kama asilimia 12 tu. Kwa Wamaasai yalikuwa asilimia 80, na kwa Wasamburu asilimia 84. Hapo wengi husimama na kutoa hukumu waliyokuja nayo: Mwafrika ni mtu wa watu, Mzungu ni mtu wa nafsi yake, mtu ni watu, basi yamekwisha. Lakini makundi hayakuwa matatu. Wafanyakazi wa Nairobi walipata asilimia 58. Na wanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi, ambao wengi wao wana shangazi na babu kijijini, wanaochangia harusi na matanga kama Wakenya wengine, walipata asilimia 17.

Soma tena namba hizo. Mwanafunzi wa Nairobi, kwa jinsi anavyojieleza, yuko karibu na mwanafunzi wa Marekani kuliko alivyo karibu na Msamburu wa nchi yake mwenyewe. Wanatambulishwa na serikali moja, wanabeba kitambulisho kimoja, lakini ukiwauliza "wewe ni nani?" wanashika njia mbili. Siamini kwamba mmoja amepotea na mwingine amebaki. Ninachokiona ni kazi ya mazingira. Msamburu amekua akiulizwa yeye ni wa ukoo gani, wa rika gani, mke wa nani, na majibu hayo yanaamua ataolewa wapi, atakaa na nani, atamheshimu nani. Mwanafunzi amekua akipewa namba ya mtihani inayomhusu yeye peke yake, ripoti ya muhula yenye sehemu ya "tabia na mwenendo", na baadaye usaili wa kazi unaoanza kwa kumtaka ajieleze: una nguvu gani, una udhaifu gani. Mtu akiulizwa jambo moja kwa miaka 16, analizoea. Kila mmoja wao anajibu kwa ufasaha lile ambalo dunia yake imemfundisha kujibu.

Jambo jingine linaloamua mistari ya kwanza ni watu waliokuzunguka wakati unaandika. William McGuire na wenzake, mwaka 1978, waliwataka wanafunzi wa shule nchini Marekani wajieleze kwa uhuru, wakaona kwamba mtoto hutaja asili yake zaidi anapokuwa wa kundi dogo mahali alipo. Kile ambacho kila mmoja anacho hakimjii mtu akilini. Mtanzania aliyeko Morogoro anaweza kumaliza mistari yote 20 bila kuandika kwamba ni Mtanzania. Mpeleke Muscat au Minneapolis, na mstari huo utakuwa wa kwanza au wa pili. Mmaasai anayelinda lango Dar es Salaam ana sababu ya kuandika "Mmaasai" mapema ambayo kaka yake aliyebaki Longido hana. Hata lugha ina mkono wake: Michael Ross na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2002 huko Kanada, waliona kwamba wanafunzi waliozaliwa China walijieleza kwa kutaja wengine zaidi walipojibu kwa Kichina kuliko kwa Kiingereza. Wewe unayeishi na lugha mbili au tatu kila siku jaribu mara mbili, leo kwa Kiswahili na wiki ijayo kwa lugha unayoitumia kazini, kisha uziweke karatasi hizo ubavu kwa ubavu.

Sasa niseme kuhusu michezo ya aina nyingine, ile inayotumwa kwenye simu: wewe ni mnyama gani, rangi unayoipenda inasema nini juu yako, chagua tunda nikwambie ndoa yako. Ina raha yake, na sina ugomvi na raha. Ninachotaka kukilinda ni imani yako. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha baadaye akamkabidhi kila mmoja maelezo yaliyosemwa kuwa ni matokeo yake binafsi. Akawaomba wapime usahihi wake kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulifika 4.26. Ndipo alipowaonyesha kwamba wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha nyota kilichouzwa kwenye vibanda vya magazeti. Maneno yenyewe yalikuwa ya aina hii: unatamani kupendwa na wengine, unajilaumu kupita kiasi, una uwezo mkubwa usioutumia. Nani atakataa? Kurasa za nyota magazetini na chemshabongo nyingi za simu zinaishi kwa utaratibu huohuo. Ukifika mwisho wa mchezo wa namna hiyo, kazi yote imefanywa na aliyeutunga, nawe umepewa nguo inayomtosha kila mtu.

Swali linalokufaa ni lile linalokuachia kazi. Linaweza kuwa jepesi sana. Wengi waliosoma shule za bweni miaka ya 1980 na 1990 wanalikumbuka daftari la otografu lililozunguka bwenini mitihani ilipokaribia: chakula unachokipenda, msemo wako, siku ya furaha kuliko zote, siku ya huzuni. Desturi hiyo ni ndugu wa albamu za maswali za Kiingereza za karne ya 19. Karl Marx alijaza maswali kama hayo kwa ajili ya binti zake mwaka 1865, akaandika kwamba rangi aipendayo ni nyekundu. Marcel Proust, mwandishi wa Ufaransa, alijaza albamu ya rafiki yake Antoinette Faure akiwa bado kijana wa miaka ya shule, halafu akajibu maswali ya aina hiyo tena alipokaribia miaka 20. Alipoulizwa mara ya kwanza taabu kubwa ni ipi, alijibu ni kutenganishwa na mama yake. Mara ya pili alisema msiba mkubwa kwake ungekuwa kutowahi kumjua mama wala bibi yake. Mama yupo katika yote mawili, lakini mtoto anaogopa kuachwa leo, na kijana ameanza kufikiri maisha ambayo mama hakuwahi kuwamo. Majibu hayo yasingetuambia kitu kama tungekuwa na moja tu. Ndiyo maana nasisitiza: weka tarehe kwenye karatasi yako, uihifadhi, urudie mwakani.

Na usilifanye zoezi hili peke yako kila mara. Simine Vazire, katika utafiti wa mwaka 2010, alionyesha kwamba mtu hujijua kuliko wengine wanavyomjua katika mambo ya ndani kama wasiwasi, lakini rafiki humshinda katika kumpima akili na ubunifu wake, mambo ambayo mtu mwenyewe anataka sana yawe hivi au vile. Mpe dada yako, mwenzi wako au rafiki wa siku nyingi karatasi yenye "Wewe ni…" mara ishirini, kila mmoja aandike bila kumchungulia mwenzake. Mkimaliza, msibishane juu ya nani amekosea. Pale alipoandika jambo ambalo kwako halikutokea kabisa, mwombe akusimulie siku moja aliyoliona.