Batri ya pili ndani ya gari: namna inavyojazwa njiani



Tangu gari la shule lianze kubeba batri ya pili, wengi wanatuuliza swali moja: "Ju ya nini fundi alifunga vitu mingi vile? Nyuzi mbili zingetosha, mambo inaisha!" Tunajibu hapa, sababu jambo hili linagusa kila mtu. Batri ile ndiyo inawasha taa za etidi ya usiku, na wenzetu wa mwaka wa sita wanatayarisha egzameni ya Serikali kwa mwangaza wake. Tena gari lile lile ndilo linapeleka mgonjwa hospitali usiku. Hatutaki kupata taa na kukosa gari.

Kazi hii ilizoeleka zamani kule Ulaya. Kuna watu ambao wakati wa likizo wanavuta nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari, inaitwa karavani. Ndani mna batri ya taa na ya pampu ya maji, nayo inajazwa na injini ya gari njiani. Siku hizi plagi yao ina ncha 13. Ncha ya 9 ina umeme saa zote. Ya 10 inapata umeme pale tu gari linapowashwa kwa ufunguo. Kwa nini wametenga hizi mbili? Mutaona sasa hivi.

Batri ya risasi na asidi ilitengenezwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Yetu ina vyumba 6, kila kimoja karibu volti 2, ndiyo maana tunasema batri ya volti 12. Ikijaa na kupumzika, inaonyesha karibu 12,7. Ikifika nusu, karibu 12,2. Injini ikizunguka, mkanda unazungusha alternateri, nayo inatoa karibu volti 14. Umeme unafanya kama maji: unatoka juu, unashuka chini. Volti 14 ziko juu ya 12,2, basi moto unaingia ndani ya batri. Hiyo ndiyo maana ya kujaza, hakuna uchawi.

Sasa tuje kwa vile vitu "mingi".

Kwanza, rele. Hii ni kama mlango kati ya batri mbili. Injini ikizunguka, mlango unafunguka, zote mbili zinajazwa. Injini ikizimika, mlango unafungwa. Bila rele, batri mbili zinakuwa kitu kimoja: taa za usiku zinakunywa zote mbili, na saa saba ya usiku mgonjwa akija, Papa shofere anageuza ufunguo, gari linanyamaza. Kufunga nyuzi mbili tu ni kama kuweka mbegu ya kupanda na unga wa kula ndani ya gunia moja. Siku ya njaa, hata mbegu inapikwa.

Pili, uzi mnene. Hapa fizikia ya Bwana Mwalimu inatusaidia. Toka mbele ya gari mpaka batri ya nyuma ni meta 5, kwenda na kurudi meta 10. Uzi wa shaba wa milimeta mraba 2,5 wenye urefu huo una ukinzani wa omu 0,07. Ukipitisha ampere 10, volti 0,7 zinapotea njiani: kutoka 14 tunabaki na 13,3, na batri haishibi. Uzi wa milimeta mraba 10 unapoteza chini ya 0,2 tu. Shaba yenyewe ni ya nchi yetu, inachimbwa Kolwezi na Likasi, lakini uzi mnene una bei. Mwenye kuikimbia hiyo bei atailipa kwa batri.

Tatu, fuzi mbili. Wengine wanasema moja inatosha. Hapana. Uzi huu una batri pande zote mbili. Ukikwaruzwa katikati ukagusa chuma cha gari, moto unatoka mbele na nyuma pia. Kwa hiyo kila batri ina fuzi yake, karibu kabisa na ncha yake ya chanya. Fuzi ikikatika, tafuteni kwanza sababu. Hapana kuweka msumari!

Nne, sanduku lenye matundu. Batri ikijazwa inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Basi hakuna kiberiti wala sigara karibu.

Magari mapya mengi yana alternateri inayoshusha volti yenyewe ili kuokoa mafuta. Kwa hayo rele haitoshi. Inatakiwa mashine ndogo ya kupandisha volti na kuzishika mahali pake.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Taa zetu 6 za LED, wati 5 kila moja, zinafanya wati 30. Gawanya kwa 12: ampere 2,5. Kwa masaa 3 ya etidi, ni ampere-saa 7,5 kila usiku. Batri yetu ni ya ampere-saa 70, na batri ya risasi inayoshushwa chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Nusu ni 35. Usiku 4 zinakula 30. Usiku wa 5 tunapita mpaka. Kurudisha 30 kwa ampere 10 ni masaa 3, na kwa kweli yanafika 4, sababu batri ikikaribia kushiba inapokea polepole. Safari ya soko ya dakika 20 haijazi kitu kikubwa.

Ndiyo maana tunakatalia simu. Simu moja inaomba kidogo, karibu wati-saa 15. Lakini simu 20 ni wati-saa 300, ndizo ampere-saa 25: zaidi ya usiku 3 za etidi. Mwenye kuchomeka simu yake kwa siri anazima kitabu cha mwenzake.

Basi tunaomba mambo matatu. Muzime taa kengele ya mwisho ikilia. Musiguse nyuzi. Na kila asubuhi mkubwa wa internati apime volti kabla taa hazijawashwa, aandike ndani ya daftari. Namba ikifika 12,2, etidi ya usiku ule itafanywa mapema, mchana, mpaka gari lipate safari ndefu. Tunajua ni vigumu. Lakini afadhali usiku mmoja wa giza kuliko mwaka mzima bila batri.