Kuunganisha Vihakiki vya Takwimu

Takwimu zilizokusanywa kutoka kwa watu hazina budi kuhakikiwa kabla ya kutumiwa. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyohesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, makarani walitumia vishikwambi badala ya makaratasi. Kwa hiyo iliwezekana kuyaona baadhi ya makosa karani angali mbele ya mkuu wa kaya. Makala haya yaeleza namna moja ya kutunga uhakiki wa aina hiyo: kuandika kanuni ndogo ndogo, ambazo kwa kitu kile kile hutoa daima jibu lile lile, kisha kuziunganisha ziwe kanuni kubwa.

Kihakiki ni kanuni inayopokea kitu na kutoa moja kati ya majibu mawili: ama thamani iliyokubaliwa, ama orodha ya makosa. Tuchukue fomu ya mfano yenye umri, jinsi, mkoa na wilaya. Kihakiki cha umri hukubali namba nzima kuanzia 0 hadi 120. Cha jinsi hukubali 1 au 2. Hakuna kinachojua habari za mwenziwe, na kila kimoja chaweza kujaribiwa peke yake.

Kuna njia mbili za kuviunganisha. Ya kwanza ni ya mfuatano: kosa la kwanza likionekana, kazi husimama. Ndivyo lori linavyozuiwa kwenye mizani ya Wenda, Iringa, lisijue litakutwa na nini Makambako wala Uyole. Fomu yenye makosa matatu itarudishwa mara tatu. Kwa mtu aketiye ofisini mjini Mbeya hilo ni usumbufu mdogo. Kwa karani anayepanda na kushuka milima ya Kilolo ni safari tatu.

Njia ya pili huviweka vihakiki bega kwa bega. Vyote viwili vikikubali, thamani zote mbili hupokewa. Kimoja kikikataa, makosa yake hutolewa. Vyote vikikataa, orodha mbili za makosa huungwa kuwa moja. Umri ukiandikwa 430 na jinsi 3, karani huambiwa yote mawili kwa pamoja. Kwa kuwa kuunga orodha hakujali zipi zimeunganishwa kwanza, almuradi mpangilio wake haubadiliki, vihakiki kumi vyaweza kufungwa mafungu mafungu kwa namna yoyote na jibu likawa lile lile. Namna hii ya kuunganisha ilielezwa kwa upana na Conor McBride na Ross Paterson katika makala yao ya mwaka 2008.

Hata hivyo, mfuatano haupaswi kutupwa. Kuuliza kama wilaya imo katika mkoa hakuna maana iwapo mkoa wenyewe haujulikani. Hapo kihakiki cha pili hungoja thamani ya kwanza. Fundi mwema hutumia mfuatano pale tu ambapo swali moja lategemea jibu la jingine, na kwingine kote huweka bega kwa bega.

Suala la wilaya lina ugumu wake katika Nyanda za Juu Kusini. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Makete ni sahihi chini ya Iringa katika takwimu za mwaka 1988, lakini ni kosa katika za 2022. Mbozi ilikuwa Mbeya mwaka 2012, na sasa imo Songwe. Anayelinganisha sensa hizo kwa kihakiki kimoja atayakataa makaratasi halali ya zamani. Dawa yake ni kanuni inayozaa kanuni: huipa mwaka, nayo hukupa kihakiki cha wilaya kinachofaa mwaka huo. Kihakiki hicho huunganishwa na vingine kama kawaida, bila kugusa cha umri wala cha jinsi.

Yapo pia mambo yasiyo makosa lakini yanatia shaka, kama mzee wa miaka 104. Kumkataa ni kumfuta katika hesabu ya taifa. Kwa ajili hiyo jibu la tatu huongezwa: thamani iliyokubaliwa pamoja na onyo. Maonyo nayo huungwa kama makosa, ila hayaizuii fomu; msimamizi huyasoma na kumwuliza karani.