Je, Wajua Mwili wa Marehemu Unavyogeuzwa Mboji?

Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuruhusu kisheria mwili wa binadamu ugeuzwe mboji. Sheria ilipitishwa mwaka 2019, na mwishoni mwa 2020 kampuni ya Recompose, iliyoanzishwa na Katrina Spade, ikaanza kupokea miili. Maiti hulazwa ndani ya chombo cha chuma juu ya vipande vya mbao, majani ya luseni na mabua makavu, kisha hufunikwa kwa mchanganyiko huohuo. Hewa hupitishwa humo, bakteria wakafanya kazi yao. Hakuna moto unaowashwa, lakini joto linalotokana na kazi hiyo hupanda kupita nyuzi 55 za Selsiasi. Likidumu hapo kwa siku tatu mfululizo, huangamiza vimelea vingi vya maradhi. Baada ya wiki tano hadi saba mwili umekuwa udongo. Mifupa iliyosalia husagwa na kurudishwa humo, na vyuma vilivyopandikizwa hospitalini huondolewa. Udongo wote hukaribia robo tatu ya mita ya ujazo.

Wapo wanaoona huku ni kumdhalilisha marehemu, na mwaka 2023 maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitamka kwamba njia hii haiuheshimu mwili inavyostahili. Hoja hiyo haifai kubezwa, kwa maana mwili si taka. Lakini kuoza hakukwepeki hata ndani ya jeneza la thamani. Heshima imo katika mikono inayouandaa mwili na mahali udongo wake unapopelekwa. Waislamu, wanaomzika maiti kwa sanda, wanajua tangu zamani kwamba kurudi udongoni si aibu. Kinachoharibu mazingira ni yale tunayoyaongeza: dawa ya formalini ya kuhifadhia maiti, zege la makaburi ya Marekani, na gesi inayoteketezwa kuchoma maiti. Kuhusu usalama, wanaohofia maradhi wana haki, ndiyo maana waliokufa kwa Ebola au kwa ugonjwa wa prioni (protini zilizoharibika umbo), ambao joto hilo haliumalizi, hawapokelewi.

Anayeamriwa na dini yake kuzikwa azikwe, kwani sheria hii haimlazimishi mtu. Ila anayetaka mwili wake urutubishe ardhi hajaomba jambo la aibu, na anastahili kuruhusiwa.